Fangasi za vidoleni zinarudi kila bamvua

BiMwani_Paje
Assalaam alaykum jamani. Nalima mwani huku Paje. Bamvua likifika, siku zile maji yanapokupwa mbali kabisa, niko kwenye kamba za mwani hadi yanapoanza kujaa. Baina ya vidole vya miguu, hasa kile kidogo na jirani yake, ngozi inakuwa nyeupe, imevimba kama muhogo uliorowekwa, kisha inachanika. Usiku nasugua kwa pindo la kanga hadi damu. Duka la dawa nikapewa tyubu, siku ya tatu kimya, nikaacha kupaka. Sasa imerudi, tena imepanda juu ya mguu, duara lenye ukingo mwekundu. Na mwanangu wa miaka 7 ana mapunye kichwani. Nisaidieni.

Mtumbatu_Asilia
Ponda kitunguu thomu, bandika usiku mzima. Bibi yangu hakujua duka la dawa.

MuuzaDawa_Chake
Thomu usithubutu dada'angu, mbichi inaunguza. Nimeshapokea mtu mguu umejaa malengelenge, nikamtibu thomu kwanza ndipo fangasi. Hebu soma boksi la hiyo tyubu. Kuna jina linaloanzia "betametha"?

BiMwani_Paje
Nimelitoa kabatini sasa hivi. Lipo.

MuuzaDawa_Chake
Ndiyo hiyo. Ni steroidi. Inazima muwasho na wekundu, lakini inashusha kinga ya ngozi, fangasi zinatanda chini kwa chini nawe unadhani umepona. Weka kando. Nunua klotrimazoli tupu, ya asilimia 1. Osha, kausha, paka mara 2 kwa siku, na uvuke ukingo wa duara kama upana wa kidole. Wiki 4, hata muwasho ukikoma wiki ya kwanza. Tyubu moja pengine haitatosha.

Mapunye ni habari nyengine, krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kunywa, griseofulvini au terbinafini, kwa kipimo cha uzito wake na kwa wiki kadhaa. Mpeleke kituo cha afya. Kofia ya chuoni na kitana asimwazime mtu.

Yakhe_Darajani
Mimi zilinitesa karibu mwaka. Kosa langu lilikuwa udhu: namaliza, natia soksi mguu ungali maji, mara tano kwa siku! Siku hizi nina kitambaa cha miguu peke yake, napitisha kila kidole. Watu msikitini wananicheka. Wacheke.

MuuzaDawa_Chake
Yakhe kasema kweli, dawa bila kukausha ni kazi bure. BiMwani, una sukari?

BiMwani_Paje
Mimi sina, mama anayo. Naye miguu inamuwasha.

MuuzaDawa_Chake
Mama asijitibu nyumbani, aende akaangaliwe miguu. Kwa mwenye sukari mpasuko mdogo ni mlango wa bakteria. Nawe ukiona mguu umevimba, una joto au unatoa usaha, nenda usisubiri. Viatu vya mwani je?

BiMwani_Paje
Raba, jozi moja. Havijawahi kukauka tangu masika. Nimevichungulia leo, ndani vimeota ukungu! Na bamvua ni Jumapili, niingie?

MuuzaDawa_Chake
Ikiwa bado pamechanika, bamvua hili mwachie shoga yako akufungie taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani.

BiMwani_Paje
Shoga yangu ndiye ninayemwazima hizo raba.