Dalali amekata alama ya nyundo ya kijiji chetu kwenye magogo ya mpingo, halafu anauza kwa cheti chetu!

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, ila kila nilichoandika ama nimekiona kwa macho yangu ama kimo kwenye daftari la kijiji. Jina la dalali sitalitaja, suala lake tumeshalipeleka panapohusika. Naandika kwa sababu najua humu wamo wenye vijiji kama chetu, na sitaki yawakute yaliyotukuta.

Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja mkoani Lindi. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji, ule unaotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ndani yake tuna mpingo. Msitu huo umo kwenye cheti cha kikundi cha FSC, yaani cheti kimoja kinachobeba vijiji kadhaa. Kwa asiyejua, FSC ni baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa 1993, makao yake yako Bonn, Ujerumani, na nembo yake ndiyo inayomwambia mnunuzi wa mbali kwamba mti huu haukuibwa, msitu haukumalizwa na mwenye msitu alilipwa. Huku kusini jambo hili si geni. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti hicho kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, na kilikuwa cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Wengine tukafuata njia hiyohiyo.

Sasa sikilizeni tunachofanya ili kubaki nacho.

Kabla msumeno haujawashwa, msitu unapimwa. Tunajua kila aina ina miti mingapi, na kwa mwaka tunaruhusiwa kukata mingapi. Mpingo usiofika sentimita 24 kwa kipenyo, ukipimwa usawa wa kifua, hauguswi. Na mpingo haukui kama mkaratusi: ni miaka 70 hadi 100 mpaka ukomae. Mti tuliouangusha msimu uliopita ulichipua kabla babu yangu hajaoa. Kwa hiyo hatukati kwa kubahatisha. Kila mti unapewa namba, namba inaandikwa kwenye kisiki na kwenye gogo lake, kisha nyundo ya kijiji, yaani muhuri wa chuma wenye alama yetu, inagongwa pande zote. Daftarini tunaandika tarehe, urefu, unene, ujazo, aliyekata na aliyenunua. Vijana wetu wanafanya doria na kulala porini kwa posho ambayo naona aibu kuitaja.

Halafu kuna mkaguzi. Cheti ni cha miaka mitano lakini ukaguzi ni kila mwaka. Aliyekuja mara ya mwisho alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema: nipelekeni kwenye kisiki hiki. Kisiki namba 17. Tulitembea saa nzima na robo, jua la utosi. Tulipofika, namba ipo, nyundo ipo. Hata hivyo alituandikia kasoro, kwa sababu kijana mmoja wa msumeno hakuwa na viatu vya kazi. Tukatoa hela ya kijiji tukanunua viatu. Sikulalamika, kwa sababu ndivyo kanuni inavyotaka, na kijana yule ni mtoto wetu.

Msimu uliopita kiwanda cha kuchana mpingo tulichozoea kukiuzia kilichelewa kuja. Akatokea dalali na fedha mkononi. Mkutano wa kijiji ukakaa, watu wanataka paa la darasa kabla ya masika, tukamuuzia magogo 41, jumla mita za ujazo 6.3. Stakabadhi tukakata, hati ya kusafirishia, ile TP, ikatolewa, na Fuso likaondoka asubuhi kwa sababu mazao ya misitu hayaruhusiwi kusafirishwa usiku. Akaomba fotokopi ya cheti chetu "kwa ajili ya mteja". Tukampa. Hilo ni kosa letu na nalikubali hadharani.

Kitu ambacho hatukukijua, na semina zote tulizokaa hakuna aliyetueleza kikatuingia, ni hiki. Cheti cha msitu kinaishia pale gogo linapouzwa. Kuanzia hapo, kila anayeimiliki mbao katikati ya safari lazima awe na cheti chake mwenyewe, wanakiita CoC, yaani cheti cha mnyororo. Lazima awe na namba yake, aiandike kwenye ankara, na yadini kwake atenge mbao zenye cheti na zisizo nacho. Akitokea mmoja tu njiani asiye na CoC, mnyororo umekatika. Wote walio mbele yake hawana haki tena ya kutaja FSC, hata kama gogo ni lilelile lililotoka kwetu na nyundo inaonekana. Dalali wetu hakuwa na CoC. Siku ile fedha zilipobadilishana mikono, jasho letu lote la kupima, kugonga nyundo na kulala porini liligeuka kuwa mpingo wa kawaida kwa kanuni za FSC. Na sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Angeishia hapo ningesema ni hasara ya ujinga wetu. Hakuishia hapo.

Mwezi wa pili nilikwenda Dar kumfuatilia, maana alibakiza salio. Nikafika yadini kwake. Yeye hayupo, nikamkuta msimamizi, kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanipa kiti. Pembeni kulikuwa na lundo la vipande vifupi vya mpingo, kama unene wa kiganja. Nikamuuliza hivi vinakwenda wapi.

"Kuni hizo mzee. Mama lishe wanakuja kuchukua."

Nikainama nikaokota kimoja. Nyundo ya kijiji chetu. Nikaokota kingine, nyundo yetu. Nilihesabu tisa vyenye alama kabla sijachoka. Walikuwa wamekata ncha za magogo yote, pande zote mbili, alama ikaenda jikoni kwa mama lishe. Magogo yenyewe yalikuwa yamepangwa pamoja na mengine mengi ambayo sijui yametoka wapi, mengine membamba ambayo kijijini kwetu ungelipa faini kwa kuyagusa. Nikamuuliza kijana, sasa utajuaje lipi ni letu?

"Mzee, likishafika hapa ni mpingo tu."

Nilikaa pale kitini nikashindwa hata kuinuka.

Wiki kadhaa baadaye ukaja ujumbe, kupitia watu wanaotusaidia mambo ya cheti. Kuna mnunuzi wa nje ameletewa makaratasi yenye jina la kijiji chetu na fotokopi ya cheti chetu, anataka tuthibitishe ujazo tuliouza. Makaratasi yanasema zaidi ya mita za ujazo 11. Tukafungua daftari: 6.3. Karibu mita tano za mpingo wa msitu usiojulikana zimebatizwa jina letu. Tulijibu ukweli siku ileile, tukaambatanisha nakala za stakabadhi.

Na hapa naomba wanaojua ukaguzi wanisikilize, maana ndiko mwanya ulipo. Hesabu ile iligundulika kwa sababu ilikuwa bado ya magogo. Ingekuwa mpingo umeshachanwa vipande vya kutengenezea klarineti na oboe, nani angejua? Gogo la mpingo limepinda, lina mipasuko, moyo mara nyingi una shimo, na sehemu nyeupe ya nje haitakiwi. Inayobaki kuwa vipande vya kufaa ala za muziki ni ndogo mno, hata sehemu ya kumi ya gogo huwa haifiki. Chukua mita 6 za magogo: ukipata nusu mita ya vipande safi umepata. Mwenye kiwanda akimwandikia mkaguzi kwamba yeye anapata robo ya gogo, tayari ana nafasi ya kuingiza mita nzima ya vipande kutoka kwenye miti ya wizi, na kwenye karatasi hesabu inafunga vizuri kabisa. Magogo ya halali yaliingia, vipande vya halali vilitoka. Kijijini mkaguzi alinitembeza saa nzima na robo kwenda kuona kisiki kimoja. Je, kule kiwandani anasimama kwenye msumeno siku nzima akipima gogo linaloingia na vipande vinavyotoka? Au anakaa ofisini kwenye feni na faili? Kila kampuni inakaguliwa peke yake, na kiasi alichoandika muuzaji hakilinganishwi kila mara na alichoandika mnunuzi. Daftari letu na daftari lao hayajawahi kuwekwa meza moja mpaka mgeni mmoja alipopata wasiwasi.

Wizi huu hauna jipya. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti juu ya magogo ya kusini mwa Tanzania, na humo ilionekana kwamba mazao ya misitu ambayo China iliandika kuyapokea kutoka kwetu yalikuwa mara kumi ya yale ambayo vitabu vyetu viliandika kuyauza nje. Mara kumi! Siku hizi wanaiba wakiwa na cheti mfukoni. Tumewafungia mlango wa mbele, sasa wanapita na ufunguo wetu.

Umoja wa Ulaya nao wana sheria yao ya 2023, ambayo utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Inamtaka anayeingiza mbao aoneshe pointi za GPS za mahali mti ulipokatwa, na kwamba msitu wa hapo haukufyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Pointi za GPS tunazo, za msitu wetu wote. Lakini dalali akishazipata, kipi kinamzuia kuzibandika kwenye gogo lolote la Tanzania? Ni namba tu kwenye karatasi. Vivyo hivyo kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho mpingo unakihitaji tangu Januari 2017, ingawa ala zilizokamilika zilisamehewa 2019. Anayetoa kibali anasoma makaratasi aliyoletewa. Karatasi ikiwa ya uongo, kibali kinakaa juu ya uongo.

Mnajua tulivuna nini kwa kusema ukweli? Yule mnunuzi alishukuru, akaandika kwamba kwa sasa anasimamisha kununua mpingo wa eneo letu hadi jambo lieleweke. Eneo letu! Siyo dalali, ni sisi. Dalali magogo yake ameshauza kwingine. Salio letu hajalipa. Darasa lina kuta na halina paa, na masika yameshanyesha ndani. Vijana wa doria wananiuliza: katibu, tunalinda ili iweje? Juzi wawili hawakwenda. Siwezi kuwalaumu, na ninaogopa, kwa sababu usiku ambao doria haipo chenso zinasikika.

NYONGEZA: Nimesoma maoni ya mwanzo, najibu mawili.

Mdau aliyesema tuachane na cheti tuuze mpingo kienyeji: hapana ndugu yangu. Nakumbuka enzi za kienyeji. Mwenye lori alikuja, akampa mtu mmoja kreti mbili za bia, msitu ukabebwa. Cheti ndicho kilichotufundisha kujua mti wetu una thamani gani. Ninachopinga ni ukaguzi mkali kuishia kwa maskini mwenye msitu huku katikati kukiwa wazi.

Na dada aliyeuliza tunataka nini hasa. Tunataka kila mauzo ya kijiji chenye cheti yaandikwe mahali ambapo mnunuzi wa mwisho anaweza kusoma bila kuomba ruhusa ya dalali: kijiji, tarehe, idadi ya magogo, ujazo, nani kanunua, na kama ana CoC au hana. Mauzo yakishafika mita 6.3 tulizoandika, hakuna hata kipande kimoja zaidi kinachouzwa kwa jina letu. Tunataka anayekata nyundo kwenye gogo kabla halijaandikwa kiwandani ahesabiwe kama aliyevuna bila kibali. Na mkaguzi akienda kiwandani apime gogo kwa mikono yake, aone lipi linaingia na nini kinatoka, kama alivyotembea na mimi porini. Kwa upande wetu, kamati imeshapitisha kwamba haturudii kumuuzia mtu yeyote kabla hatujaitafuta namba yake ya CoC kwenye tovuti ya FSC, ambako mtu yeyote mwenye simu anaweza kuangalia bure, na fotokopi ya cheti haitoki tena ofisini.

Kipande kimoja nilirudi nacho kutoka Dar. Kina nyundo yetu na namba 23, kiko mezani ofisi ya kijiji, na kisiki chake kiko msituni kina namba hiyohiyo. Kama kuna mtu humu, fundi, mwenye kiwanda, mchonga vinyago wa Mwenge, yeyote aliyenunua mpingo kuanzia mwezi wa kumi na moja akaoneshwa fotokopi ya cheti cha kijiji cha Lindi, naomba anitumie ujumbe binafsi na picha ya ankara yake. Daftari ninalo, tutalinganisha mstari kwa mstari.