Mjadala: Mtu akikeneka pombe kali nyumbani kwake, kwa kunywa mwenyewe, awe mhalifu?

Mwanzisha mada:

Wakuu, salaam. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: anayejikenekea pombe kali nyumbani, yaani kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake uliopozwa, bila kuuza hata glasi moja asikamatwe. Nchi nyingi zinamruhusu mtu huyohuyo kuchachusha bia au mvinyo jikoni mwake. Akiutia mvinyo uleule kwenye chungu chenye bomba, tayari ni kesi. New Zealand waliliondoa katazo hilo mwaka 1996, sharti likiwa moja: usiuze. Marekani, Rais Jimmy Carter alisaini ruhusa ya bia ya nyumbani mwaka 1978, lakini kwa mtambo wa kukeneka sheria ya shirikisho ikabaki na kifungo cha hadi miaka 5. Julai 2024 jaji wa shirikisho huko Texas aliamua kwamba katazo hilo linakwenda kinyume cha Katiba, ingawa amri yake iliwagusa walalamikaji wa kesi hiyo tu.

Hofu ninayoisikia kila mara ni ya upofu. Watu wanaamini mtambo wenyewe ndio unaozaa methanoli, kileo chenye sumu kinachopofusha. Sivyo. Methanoli inatokana na pektini, kile kitu cha kwenye matunda kinachofanya jamu igande. Pombe iliyochachushwa kwa matunda huwa nayo kiasi, ya sukari au nafaka huwa nayo kidogo mno. Moto hauongezi chochote, unahamisha kilichokwisha kuwamo. Maafa tunayoyasikia yana chanzo kingine. Mwaka 2012 Jamhuri ya Czech ilizika watu zaidi ya 30, na serikali ikasimamisha kwa muda uuzaji wa vinywaji vyote vyenye kileo cha zaidi ya asilimia 20. Sumu ile ilikuwa methanoli ya viwandani, imemiminwa kwa makusudi kwenye pombe ya kuuza. Huo ni uuaji wa kibiashara, na mtu anayejipikia hana sababu ya kuufanya.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuelewa. Chungu cha shaba au cha chuma kisichoshika kutu, kifuniko chenye shingo, bomba linaloteremka, na sehemu ya bomba hilo kupita ndani ya maji baridi ili mvuke urudi kuwa kimiminika. Ethanoli, yaani kileo chenyewe tunachokunywa, huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Selsiasi, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa na kileo kingi kuliko kilichobaki chunguni. Shaba ina faida yake: inanasa harufu za salfa zinazotoka kwenye hamira. Maungio unayaziba kwa unga wa ngano uliokandwa na maji, na mdomo wa kutokea haufungwi kamwe. Chungu usikijaze zaidi ya robo tatu, maana mapovu yakipanda shingoni yanaziba njia. Usafi unaanza na maji matupu, kisha siki, kisha mkondo mmoja wa pombe (kukeneka mara moja) wa kumwaga wote. Baada ya hapo ndipo unapika, unakinga kwenye vichupa vidogo vidogo, unatupa kichwa (kinachotoka mwanzo), unabakiza moyo (cha katikati), unaacha mkia (cha mwisho). Methanoli huchemka mapema, nyuzi 64.7, kwa hiyo ukitupa kichwa umetupa sumu.

Nani ana hoja ya kunionyesha kwamba hili linastahili jela?

Fundi wa kulehemu:

Ndugu yangu, umeongea vizuri juu ya methanoli, ukapita mbio penye hatari yenyewe. Piga hesabu. Lita 20 za pombe ya asilimia 10 zina lita 2 za ethanoli tupu. Ukizipasha bomba likaziba, au maji ya kupozea yakakatika, mvuke ule unatoka kama mvuke na kujaa chumbani. Ukifika asilimia 3 na kitu ya hewa, cheche ya swichi inatosha. Na mwali wa ethanoli mchana hauonekani vizuri, mtu anaweza kuuingilia akidhani kumepoa.

Mimi mwenyewe nina kovu kuanzia kiwiko hadi kiganja. Niliacha chupa ya kukingia karibu na jiko la gesi, nikageuka kuchukua kitambaa. Basi, ni hivyo tu. Sikuwa nimelewa wala sikuwa mgeni wa moto, maana moto ndio kazi yangu.

La pili ni madini. Nimeletewa rejeta ya gari kuukuu nikiombwa niifanye kipoozeo. Maungio ya rejeta za zamani yamelehemiwa kwa madini ya risasi, na ndani mna masalia ya dawa ya kuzuia kuganda, ambayo nayo ni sumu. Bati lenye zinki halifai, mpira haufai, plastiki haifai. Kileo cha moto kinayeyusha vitu hivyo na kuvibeba mpaka kwenye glasi. Risasi haina ladha, na madhara yake hujikusanya mwilini polepole. Nani atakagua chungu cha kila nyumba?

Mchangiaji mwingine:

Mnazungumza afya, serikali zinazungumza ushuru. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania, Marekani, waliasi kodi ya wiski, Rais George Washington akaongoza askari kuwazima. Miaka mitano baadaye mtambo wa Washington mwenyewe shambani kwake Mount Vernon ulitoa karibu galoni 11,000 kwa mwaka. Pombe kali ni mali nyepesi kubeba na rahisi kutoza, na hapo ndipo tofauti ya bia na spiriti (pombe kali) ilipozaliwa. Kama sababu ni mapato, isemwe ni mapato. Msitutishe na upofu.

Mhudumu wa afya:

Mwanzisha mada, nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo yako, ila sentensi yako ya mwisho juu ya methanoli inaweza kumuua mtu, na naomba uirekebishe.

Nyuzi 64.7 ni za methanoli ikiwa peke yake. Ndani ya chungu iko kidogo sana, imechanganyika na maji na ethanoli, na inashikamana na maji. Chungu cha kawaida hakina ngazi za kutenganisha vitu hivyo. Kwa hiyo methanoli inatoka tangu tone la kwanza hadi mkia. Kutupa kichwa kunaondoa asetaldehidi na ethili asetati, vile vitu vyenye harufu ya gundi, na ladha inakuwa bora. Hakuisafishi pombe iliyoingia ikiwa na sumu. Usalama wako uko kwenye ulichochachusha. Anayeamini kwamba kumwaga nusu kikombe kunatakasa chochote, kesho atapewa spiriti ya kiwandani akajaribu "kuitakasa" kwa mtambo wake.

Na watu wajue dalili, maana zinachelewa. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa macho. Mgonjwa anaweza kuonekana amelewa tu, akalala, na baada ya nusu siku au siku nzima ndipo anaanza kutapika, kupumua kwa kasi, kuona ukungu mweupe. Tiba ipo: dawa iitwayo fomepizoli, au ethanoli yenyewe chini ya usimamizi wa daktari, pamoja na kusafisha damu kwa mashine. Ila lazima afike hospitali mapema, na aseme kweli alichokunywa. Nimewahi kumsubiri mgonjwa aseme. Ndugu zake walikuwa wanatazamana, wanaogopa polisi. Saa zilipita hivyo.

Hiyo ndiyo sababu mimi niko upande wa kuruhusu, pamoja na kwamba kazini naona ubaya wa pombe kila wiki.

Mwanzisha mada:

Dada (au kaka, samahani), umenirekebisha na nimeelewa. Sentensi ile naifuta. Asomaye hapa asiichukue: kichwa kinatupwa kwa ajili ya ladha na vile vitu vya mwanzo vyenye harufu ya gundi, si kinga ya methanoli. Niliipokea kwa watu nikairudia bila kuipima, na ni kosa langu.

Hilo la ndugu kuogopa kusema nilikuwa sijalifikiria kabisa. Lina uzito kuliko hoja yangu ya uhuru.

Fundi, nawe umenigusa. Naibadilisha hoja yangu. Ruhusa iwe na masharti yanayokaguliwa wakati wa kuuza chungu: madini yake, ukubwa wake, na vali ya kupunguza shinikizo. Upashaji uwe wa umeme, pasiwe na mwali, na kazi ifanyike nje au kwenye banda lenye hewa, mtu asiondoke mpaka kipoe. Adhabu ibaki kali kwa muuzaji. Mnaonaje?

Fundi wa kulehemu:

Kwenye nyumba yenye uwanja wake, nakubali. Ukisimamia chungu chako nje na kikakuunguza, umejiunguza wewe. Lakini wanaoishi ghorofani ukuta wao ni ukuta wa jirani, na jirani hakuulizwa. Huko nasema hapana, hata chungu kiwe cha lita 5 na cha umeme. Mfano wa New Zealand umeuleta vizuri, ila ruhusa kwenye karatasi haizuii mvuke kupita chini ya mlango wa mtu mwenye mtoto mchanga.

Mhudumu wa afya:

Hapo sina cha kumpinga. Ninaongeza moja tu: kila chungu kiuzwe pamoja na haidromita ya kileo, kile kipimo cha ukali wa pombe. Pombe inayokenekwa mara ya pili inaweza kuanza kutoka ikiwa na kileo cha zaidi ya asilimia 70, na macho hayawezi kuitofautisha na ya asilimia 40. Wengi ninaowapokea hawakunywa sumu. Walikunywa wasichokipima.