Mimba ya wiki 24, HBsAg chanya: je, homa ya ini B itamaliza kinga yangu? Naomba ushauri

Kijacho24
Habari wakuu. Kliniki wamenipima, kipimo cha homa ya ini B (HBsAg) kimetoka chanya. VVU na kaswende hakuna. Sina manjano wala maumivu. Virusi hivi vinashusha kinga? Na mtoto atapona?

Nesi_Mstaafu
Pole dada. Haviui seli za kinga kama VVU. Vinajificha ndani ya seli za ini, na kinachojeruhi ini ni kinga yako mwenyewe ikizishambulia seli hizo. Ujauzito huipunguza makali kinga hiyo ili mwili usimkatae mtoto, maana nusu ya vinasaba vyake ni vya baba. Ndiyo maana wengi hawaumwi chochote wakiwa na mimba, hata virusi vikiongezeka.

Shida huja baada ya kujifungua. Kinga inarudi kwa nguvu na ini linaweza kuvimba, hasa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, wakati ambao mama anamfikiria mtoto tu na kujisahau. Pima ALT (kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini linajeruhiwa) sasa, kisha irudiwe mara kadhaa katika miezi hiyo. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, mitishamba ya "kusafisha ini" iache kabisa. Mingine ndiyo inayoliua.

Maabara_Kwanza
Naongezea. Omba kipimo cha wingi wa virusi, HBV DNA. Ukifika uniti 200,000 kwa mililita au zaidi, hupewa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida kuanzia wiki ya 28. DNA isipopatikana, HBeAg (kipimo cha damu kinachoashiria virusi vinazaliana sana) inasaidia kuamua. Vyote viwili visipokuwepo, mwongozo wa WHO wa 2024 unaruhusu mjamzito mwenye HBsAg chanya apewe dawa. Kreatinini ipimwe kuangalia figo. Usiiache dawa bila daktari, virusi hulipuka upya.

Kijacho24
Asanteni sana. Mtoto si atachanjwa wiki ya 6 na wenzake?

Nesi_Mstaafu
Hapana mama, hapo umechelewa! Pentavalenti ya wiki 6, 10 na 14 inayo chanjo hii, lakini maambukizi mengi hutokea wakati wa kuzaliwa. Kinga ya kichanga haijakomaa, inavichukulia virusi kama wenyeji: kati ya wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki navyo sugu, wakati kwa watu wazima ni chini ya 5 katika 100. Kwa hiyo dozi ya kwanza ni ndani ya saa 24, mapema iwezekanavyo. Immunoglobulini (sindano ya kingamwili zilizo tayari dhidi ya virusi hivi) ikipatikana, achomwe paja la pili ndani ya saa 12. Si kila kituo kina chanjo ya kuzaliwa, kwa hiyo uliza mapema, hata mwezi huu, na kama hakuna panga kujifungulia kwingine.

Kijacho24
Na kunyonyesha? Upasuaji je?

Maabara_Kwanza
Nyonyesha bila hofu, mradi mtoto amechanjwa. Upasuaji kwa sababu hii peke yake hauhitajiki. Mumeo na watoto wakubwa wapimwe. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe. Huyu atakayezaliwa apimwe akiwa na miezi 9 hadi 12: HBsAg iwe hasi, na anti-HBs (kingamwili za kumlinda) 10 au zaidi.