Mjadala: Riwaya ya Frere Town katika tasnifu ya uzamili, hadithi itangulie au nadharia?

Mwanzisha mada, Kisauni
Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa uzamili anataka kuandika riwaya fupi kuhusu Frere Town ya Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) miaka ya 1870, kisha aitetee kwa nadharia ya baada ya ukoloni, ile inayochunguza jinsi ukoloni ulivyounda sauti na utambulisho wa watu. Mimi nasema hadithi itangulie. Akianza na nadharia, wahusika wote huwa wahadhiri. Msichana aliyetolewa jahazini na manowari ya Waingereza anawaza njaa, ndugu zake na lugha asiyoielewa. Akianza kuchambua utambulisho wake kama Homi Bhabha, mwananadharia wa utambulisho wa mseto, riwaya imekufa.

Likoni
Hadithi itangulie ikitoka wapi, ndugu yangu? Habari nyingi za Frere Town zimo katika barua na ripoti za wamisionari, na kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa Birmingham. Wasomaji wake wengi walikuwa Waingereza waliochanga fedha, kwa hiyo zilimhitaji mtumwa mwenye shukrani. Asiyelijua hilo atamchukua mtumwa huyo mzimamzima, ambadilishe jina tu. Gayatri Spivak, mwananadharia mwingine wa baada ya ukoloni, alipouliza mwaka 1988 kama mnyonge anaweza kusema, swali lilikuwa hili hili: sauti hii imepita mikononi mwa nani? Ukisimulia kwa "mimi" ya mwanamke wa Kiyao aliyebatizwa, umedai sauti ambayo nyaraka hazikuitunza. Unaruhusiwa, ila uwe umeamua.

Mji wa Kale
Basi tuseme kazi yenyewe. Kwa kila waraka andika mistari minne: nani kaandika, kamwandikia nani, alitaka nini, nani hakutajwa. Huo wa nne ndio unaozaa wahusika. Halafu funga vitabu vya nadharia, uandike rasimu nzima. Ukirudi, uliza: nani ana jina na nani ni "mtumishi" tu? Waswahili wa Mvita, ambao baadhi yao walimiliki watumwa, wako wapi? Na wale Waafrika waliolelewa na misheni Nasik, India, kisha wakaletwa hapa kufundisha, si wazungu wala si wageni kamili? Hao ndio Bhabha anawafaa, tena sana.

Mwanzisha mada, Kisauni
La nyaraka nimelikubali, mistari minne ije kwanza. Lakini sehemu ya uhakiki isizidi theluthi ya kazi, na isimfasirie mtahini hadithi. Ieleze maamuzi: kwa nini nafsi hii, sura ipi ilifutwa, kwa sababu gani. Kinachoharibu tasnifu nyingi ni msururu wa wananadharia: Fanon aya moja, Said aya moja, Bhabha aya moja, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha sentensi ya riwaya. Wawili wanatosha.

Likoni
Theluthi sawa. Rasimu nzima bila nadharia bado naikataa. Andika sura mbili, uzipitishe kwenye maswali hayo, ndipo uendelee. Ukigundua kwenye ukurasa wa 100 kwamba msimulizi si huyu, hutarekebisha vitenzi peke yake. Kila alichokiona na kila alichokijua kitabadilika, na muda wa kuwasilisha haukungoji.