Nauli ya Taveta–Voi: nani anaipanga?

Binti Taveta
Hamjambo. Kila mwezi nampeleka baba kliniki Voi, na mgonjwa wa sukari si mtu wa kushindishwa steji. Tunafika alfajiri, makanga anaita "wawili twende!", kumbe waliokalia viti ni vijana wa steji. Wanashuka mmoja mmoja wateja wakiingia. Gari haling'oki mpaka lijae. Ijumaa jioni, au shule zikifungwa, nauli inaruka na hakuna wa kuuliza. Nikivuka mpaka wa Holili kwenda Moshi, Tanzania, nauli imepangwa na LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa nchi kavu, naijua kabla sijapanda. Kwetu mbona hakuna? Sheria zote za matatu zinamlinda nani?

Mzee wa Usukani
Binti yangu, mpe mzee pole. Njia hiyo nimeiendesha tangu ikiwa vumbi tupu. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, na watu walisaidika, maana vijiji vingi havikuwa na basi. Mwaka 1984 sheria ikaturudisha kwenye leseni. Mwaka 2004 Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, akaleta mikanda na vidhibiti mwendo, baadaye tukaambiwa tuingie sacco, yaani ushirika wa wenye magari. Yote hayo ni ya gari na dereva. Nauli na saa ya kuondoka aliachiwa mwenye gari. Naye anangoja pesa yake ya siku, mafuta hayakopeshwi, nikienda Voi na watu watano nimekula hasara. Nairobi ukizubaa mwenzako anabeba. Hapa magari machache yako kwenye foleni moja, la kwanza lisipojaa la pili halipakii. Huo ushindani tulioambiwa utashusha bei utatoka wapi?

Jirani wa Himo
Dada, kwetu Tanzania kikomo cha nauli kipo, lakini jioni magari yakiadimika unapanda boda, na hapo ni maelewano tu. Dai na ratiba pia.

Binti Taveta
Asanteni. Basi nitaiandikia kaunti: safari moja ya saa kumi na moja alfajiri, iondoke ijae isijae, viti vitupu vilipiwe na kaunti. Treni ya Madaraka ya Nairobi–Mombasa inapita Voi kwa ratiba na nauli iliyotangazwa. Wa Taveta naye ni mwananchi. Mzee, nifanyie hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi niiweke kwenye barua.