Ufunguzi wa Olimpiki 2028: projekta ya uani itafaa?

kibokoni_uani
Assalamu alaikum. Twataka kuonyesha ufunguzi wa Olimpiki ya Los Angeles uani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, watu kama 40. Kuna projekta ya lumeni 3,000, king'amuzi cha antena na shuka nyeupe. Shuka iwe na upana gani, projekta ikae mbali kiasi gani?

fundi_antena
Wa alaikum salaam. Shuka baadaye, kwanza saa. Sherehe ni Ijumaa tarehe 14 Julai, na mwezi huo Los Angeles iko nyuma yetu kwa masaa 10. Hata wakianza saa kumi na moja jioni kule, huku ni saa tisa, usiku wa kuamkia Jumamosi. Msitangaze "usiku wa Ijumaa": kwa hisabu ya wazee usiku hutangulia mchana, kuna watakaokuja Alhamisi.

Sasa angalia mwisho wake. Ile ya Paris 2024 ilichukua kama masaa manne. Julai, jua la Los Angeles huzama saa mbili na dakika chache, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwetu, na letu hutoka kama saa kumi na mbili na nusu. Fataki na mwenge kwa kawaida hungoja giza. Giza lao likiingia, letu limekwisha, na shuka yako itabaki shuka tu. Wekeni televisheni tayari ndani, muihamie kukianza kupambazuka.

kamba_na_shuka
Upana mita 3, kimo mita 1.7. Projekta nyingi zataka umbali wa mara moja na nusu ya upana, hapo ni mita 4.5, lakini jaribuni usiku mmoja kabla maana kila aina ina kipimo chake. Lumeni hizo zatosha gizani; taa ya uchochoro ikimulika, rangi hupauka.

Shuka moja hupitisha mwanga, kwa hivyo shoneni kitambaa cheusi nyuma, hata cha buibui. La kuogopa zaidi ni upepo wa Kusi. Mkifunga pembe nne tu, mmetweka tanga. Tieni ubao kwenye pindo la juu na la chini, kamba kila nusu mita, na mkaze ukutani, siyo hewani baina ya nguzo mbili. (Ukuta wenyewe ukipakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora, ila plasta nyingi za Mji wa Kale zina mawimbi.)

Manyunyu yakija msiifunike projekta kwa plastiki. Matundu yakizibwa hupata joto, hujizima. Iwekeni chini ya meza.

kuze_sauti
Sauti ya HDMI huishia kwenye spika ndogo ya projekta. Itoeni kwenye king'amuzi kwa ule waya mwekundu na mweupe hadi kwa amplifaya. Bluetooth huchelewa, midomo ikatangulia maneno. Adhana ya Alfajiri itaingia katikati: zimeni sauti, picha iendelee.

Stima: projekta wati 300, vingine tuseme 150. Masaa manne hayafiki yuniti 2, lakini tokeni iangaliwe jioni. Projekta ya balbu ikizimika ghafla yataka dakika kadhaa kupoa ndipo iwake tena, basi UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika) ni lazima, hata jenereta ikiwapo.

kibokoni_uani
Shukran sana mashekhe. Sasa kuna watakaolala. Kenya hupita wakati gani?

fundi_antena
Ugiriki kwanza, kisha timu ya wakimbizi, halafu alfabeti ya lugha ya mwenyeji; Marekani, wenyeji, wa mwisho. Kwa Kiingereza sisi tuko karibu na katikati: Japan, Jordan, Kazakhstan, Kenya. Mkiona Jordan, waamsheni.