Milioni tatu na ushee za kikundi: VETA, kompyuta kijijini, au kumweka kijana kwa fundi?

Mwana_wa_Kitangari
Wakuu, heshima kwenu. Sisi tulioko Dar tunaotoka kijiji kimoja upande wa Kitangari, Newala, tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Msimu uliopita korosho zilikaa vizuri, watu wakachanga, na sasa mfukoni tuna 3,600,000/=. Tumekubaliana zisiishie kwenye pilau. Ziwape vijana wa nyumbani ujuzi wa teknolojia.

Kwenye namna ndipo tulipogawanyika. Kuna wanaotaka tuchague wachache tuwalipie chuo cha ufundi cha VETA Mtwara. Wengine wanasema tununue kompyuta tano zilizotumika, tuombe darasa shule ya msingi, tumlete mwalimu wiki sita. Mimi naona tuwaweke kwa mafundi mjini: simu, sola, steshenari. Naomba uzoefu, nadharia tunazo za kutosha.

Salfa_Mbichi
Kompyuta achaneni nazo. Kwetu Tandahimba ziliwahi kuletwa kumi, mgeni akakata utepe, picha zikapigwa. Vijana wakafundishwa kuwasha, kuzima na kuandika barua ya kuomba kazi. Kazi yenyewe ya kuomba iko wapi? Umeme ukayumba, tatu zikaungua. Zilizobaki zimefunikwa kanga kwenye ofisi moja hadi leo.

Halafu mafunzo yenyewe waliyaweka Oktoba! Oktoba mtu wa kwetu yuko chini ya mkorosho anaokota, au yuko ghalani anasubiri mnada. Wiki ya pili darasani kabaki mwalimu na watoto wa mwenye nyumba aliyopanga.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana wangu, VETA msiidharau. Anayetaka kufunga umeme kwenye majumba hana ujanja, lazima awe na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na leseni inataka vyeti. Kwa fundi wa mtaani hatavipata.

Ila nikiri jambo. Niliwahi kusaidia watano kwenda chuo, watatu wako Mbagala, Dar, mpaka leo. Wengine watasema kijiji kimepata hasara. Mimi sisemi hivyo, maana mmoja ndiye anayemnunulia mama yake salfa ya kupulizia mikorosho kila mwaka. Amueni kwanza mnataka kijana apate kazi au kijiji kipate fundi, kwa sababu hayo ni mambo mawili.

Dada_Steshenari
Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Masasi, nilianza kwa kumfagilia mtu duka, leo nina langu. Watu hawalipii "kompyuta". Wanalipia fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, namba ya mlipa kodi (TIN), picha za paspoti.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, cheti cha mwanawe kakikunja kwenye nailoni pamoja na risiti za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kwenye cheti mtoto ni Saidi, shuleni wameandika Saidy. Kuchapa fomu ni dakika kumi, ila kujua jina hilo linarekebishwa wapi na kwa karatasi gani, huko ndiko kwenye hela. Wiki sita za darasani hazimfundishi mtu hayo, anajifunza kwa kukaa dirishani na wateja.

Na mabinti msiwasahau. Mzazi hatakubali bintiye ashinde kijiwe cha mafundi simu, lakini steshenari atamruhusu.

Fundi_Chikongola
Naunga mkono uanagenzi, yaani kijana ajifunze kwa fundi. Simu nyingi zinazoletwa kwangu eti hazichaji ni vumbi jekundu la huko kwenu limejaa kwenye tundu. Kijiti, mswaki mkavu, dakika tano mteja anaondoka anacheka. Kijana akijua hilo, kutumia mita na kushika pasi ya kulehemu, anakula. Baadaye afanye urasimishaji wa ujuzi VETA, wanampima, akifaulu anapata cheti kwa kazi anayoijua tayari. Kwa hiyo hoja ya Mwalimu haipingani na hii.

Salfa_Mbichi
Mkuu, usitupake mafuta. Mafundi wengi wanamfanya kijana mtoto wa kutumwa chai miaka miwili.

Fundi_Chikongola
Kweli, na mimi nilitumwa chai. Ndiyo maana fundi asipewe hela yote. Mpeni theluthi mwanzo, theluthi kijana akifungua simu na kuirudisha mbele yenu, iliyobaki mwisho. Vifaa nunueni wenyewe, apewe siku ya kuondoka, la sivyo vitatumika dukani kwa fundi.

Mwalimu_Mstaafu
Wakirudi waunde kikundi, waombe mkopo wa halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ni za vijana na hauna riba.

Mwana_wa_Kitangari
Nimewasoma wote. Nitapeleka kikaoni hivi: wawili kwa fundi simu, binti mmoja steshenari, mmoja sola kama hela itatosha. Waanze Januari, korosho zikiwa zimeshauzwa, wajue kitu kabla ya msimu wa kupulizia. Kompyuta itanunuliwa moja tu, binti akishahitimu. Dada, printa gani itavumilia vumbi letu?

Dada_Steshenari
Ya wino wa tangi, ya katriji itawafilisi. Na kabla ya printa nunueni UPS ya kushikilia umeme ukikatika, umeme wa huko naujua.